Nitue au Nitwike

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nimefika Tabora saa tisa alasiri. Vumbi lile lile. Kwenye basi kutoka Mwanza nilikaa na baba mmoja aliyekula mayai ya kuchemsha kuanzia Shinyanga mpaka Nzega. Sita! Nilikuwa namhesabia, sikuwa na kazi nyingine.

Niko Isevya kwa Mwamvita. Tulikua naye nyumba kwa nyumba, mama zetu wakiazimana kinu na mchi. Amenipa chumba cha mbele, chenye pazia lililoshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Pindo limepanda upande mmoja. Nimeshona mapazia miaka ishirini, siwezi kulala huku kitu kama hicho kinanitazama. Nitalifumua.

Niandike kwa nini nimekuja, maana kumwambia mtu naona haya. Mwanamke wa miaka arobaini na nne nimefunga duka wiki nzima, nimekuja kutembelea mahali palipopigiwa sinema ya utotoni.

Wiki mbili zilizopita Mwamvita alinitumia ujumbe wa sauti. Shoga, ule ukuta wa Chemchem unabomolewa, njoo uuage. Ukuta mweupe ambao gari la sinema lilikuwa likituonyeshea *Safari ya Chumvi*. Niliusikiliza ujumbe mara tatu, pazia la mteja likiwa bado chini ya sindano.

Ilipigwa huku huku kwetu mwaka themanini na nane, na waliocheza ni watu wa huku huku. Nyamizi anaingia kwenye msafara wa wapagazi kwenda Uvinza kuchukua chumvi, kwa sababu mumewe aliondoka na msafara uliotangulia hakurudi. Mbele anatembea kirangozi, yule mwongoza njia, manyoya kichwani, kengele mkononi. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Lakini tulikuwa tukiona mtaa wetu ukutani! Ng'ombe wa mtu tunayemjua anapita, watoto wote tunapiga kelele kumtaja.

Nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Humaidi kumi na miwili. Tuliiona mara nne. Humaidi aliandika orodha nyuma ya daftari lake la hesabu, mahali saba palipopigwa picha. Tukiwa wakubwa tutapita pote, mimi na yeye. Daftari limeshapotea, orodha ninayo kichwani.

Sijasema na Humaidi huu mwaka wa sita. Yuko Maskati. Nimekuja peke yangu, na Mwamvita nimemwambia sitaki kuulizwa. Amesema hewala, hakuuliza hata moja. Mwamvita huyo! Si kawaida yake.


Ijumaa, 4 Julai 2025

Chemchem. Nimechelewa — ukuta umebaki kimo cha kiuno. Matofali yamepangwa pembeni, wanajenga fremu za maduka. Fundi aliniuliza nataka fremu ngapi. Nikasema nataka kusimama tu hapa. Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae, nadhani alihisi nina msiba.

Nilikaa pale nusu saa nikiutazama ukuta usiokuwepo.

Mwisho wa sinema ndio uliotuchukua, mimi na Humaidi, miaka na miaka. Msafara umeshavuka mto Malagarasi, unarudi na chumvi. Nyamizi yuko ukingoni. Amesimama uso kwa uso na kirangozi, na mzigo wa chumvi uko mikononi mwao wote wawili, kifuani, katikati. Haujapanda kichwani wala haujafika chini. Nyamizi anasema neno moja. Kisha giza.

Neno moja tu! Na spika ya gari lile ilikuwa inakohoa kama mzee wa tumbaku. Humaidi akasema: *Nitwike*. Yaani anaomba apandishiwe mzigo kichwani, anaendelea na safari, ameshamkatia tamaa mumewe. Mimi nikasema: *Nitue*. Anaomba ashushiwe. Anaiacha chumvi ya watu hapo hapo, anabaki mtoni kumtafuta mumewe.

Tuligombana! Tuliucheza mwisho ule uani kwa mto wa kulalia wa mama. Humaidi ndiye kirangozi siku zote, na kengele ya mbuzi. Siku moja alipanda juu ya bati la stoo kuongoza msafara akaanguka, mpaka leo anachechemea mguu wa kushoto. Amelala na bandeji anasema, lakini ni nitwike, Najiat, mikono yake inapanda, huoni? Namwambia sioni, nasikia. Yeye alikuwa mtu wa macho, mimi wa masikio.

Niliwahi kuulizia nakala ya sinema Dar. Hakuna aliyekuwa nayo.

Nikirudi nimepita bango la mradi wa maji, lile la *kumtua mama ndoo kichwani*. Nikacheka peke yangu barabarani. Serikali nayo iko upande wangu.


Jumamosi, 5 Julai 2025

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda Kwihara kwa bajaji. Namba mbili kwenye orodha: tembe lenye ua mkubwa, wanapopangiwa wapagazi mizigo. Bado lipo! Udongo umebabuka upande wa mashariki, paa la nyuma wameweka bati, lakini mlango ni ule ule, na kizingiti kilicholika katikati. Nilidhani ni mkubwa mno. Kumbe nikinyoosha mkono nagusa juu.

Mwenye tembe anaitwa Lukumani, seremala, makamo yangu au kanizidi kidogo. Alinitembeza vizuri sana. Hapa ndipo walipoweka taa. Hapa marehemu baba yake aliwakatalia kung'oa migomba, ndiyo maana kwenye sinema kuna mgomba kila pembe. Nguzo ya simu nayo ilikuwa pale nje, wakaivalisha nyasi ifanane na mti. Nilikuwa naukumbuka mti ule! Miaka thelathini na tano nilidhani ni mti.

Nikaona nimuulize. Kwa utani tu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. Pale mwisho, Nyamizi alisema nitue au nitwike?

Lukumani akaacha kutembea. Akanitazama.

“Na wewe?” akasema. “Juzi kaja bwana mmoja kaniuliza neno kwa neno hivyo hivyo.”

Nikamwuliza bwana gani. Mrefu. Mwarabu Mwarabu hivi, kama wewe, kofia ya Kiomani. Mstaarabu. Alipiga picha ya kizingiti.

Nikamwuliza anatembeaje.

Lukumani akafikiri, halafu akaniigiza uani kwake, hatua tano. Akichechemea mguu wa kushoto.

Duniani kuna watu wawili tu wanaoweza kuuliza swali lile.

Nilikaa kwenye kizingiti. Lukumani akaniletea maji. Nilipokwisha kuyanywa nilimwuliza alimjibu nini yule bwana. Akasema yeye hajui, alikuwa mtoto, lakini aliyecheza Nyamizi yu hai. Anaitwa Kashindye, yuko Urambo, anafuga nyuki. Yule bwana aliandika jina, akashukuru, akaenda zake.

Humaidi yuko Tanzania. Yuko kwenye orodha. Yuko mbele yangu siku mbili.


Jumapili, 6 Julai 2025

Nimembana Mwamvita jikoni akichoma maandazi. Hakunificha hata dakika moja, nadhani alikuwa ameshachoka kusubiri nimbane. Ndiyo, ujumbe wa sauti aliutuma kwetu wote wawili, ule ule. Humaidi alikuja Jumanne, akalala kwenye chumba hicho hicho cha mbele, akaondoka Alhamisi asubuhi.

Mimi nimefika Alhamisi alasiri! Shuka ilikuwa bado ina joto lake!

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningeambiwa nisingekuja, na Humaidi angeambiwa asingekuja, na ukuta usingengoja wenye viburi. Akageuza andazi. Akasema yeye hakutuma uongo, ukuta kweli umebomolewa.

Nimemkasirikia. Kisha nimekula maandazi yake manne, kwa hiyo hasira yenyewe sijui ina uzito gani.

Niandike na lile ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mama aliugua miaka minne. Kiharusi, upande wa kulia. Nilifunga duka Mwanza nikarudi nyumbani kumwuguza. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha kwa kijiko, kumbeba mpaka uani aote jua. Humaidi alikuwa Maskati na karakana yake ya matairi. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Kila Ijumaa, hakukosa, hilo sitamnyima. Mara anatuma godoro la hewa, mara dawa ya kuchua, mara kiti cha magurudumu, mara ushauri. Na kila mwisho wa simu: Najiat, wewe ndiye mwenye moyo, wewe ndiye nguzo. Nilikuwa nikikata simu nataka kuitupa kisimani.

Mama alikufa Jumatano, tukamzika Alhamisi adhuhuri. Humaidi akafika Jumamosi. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, begi begani, akataka kuingia chumba cha mama. Nilisimama mlangoni. Nyumba imejaa watu, Mwamvita akiwemo. Nikamwambia:

“Wageni wanakaa barazani.”

Alikaa barazani. Siku nzima, na wazee, kwenye jamvi. Kesho yake hakuonekana. Hajanipigia Ijumaa yoyote tangu hapo, wala mimi sijampigia.

Sikujuta. Nilisema haki yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na leo nimeliandika ili nilione, na naona limekaa vibaya kama pindo la pazia hili.


Jumatatu, 7 Julai 2025

Saba Saba. Maduka mengi yamefungwa. Sikwenda popote.

Nimefumua pazia la Mwamvita, nimelishona upya kwa mkono. Nilitaka kuondoka na basi la Mwanza la kesho alfajiri. Tiketi nilikwenda kuiulizia, foleni ilikuwa ndefu, nikarudi.

Mwongo mimi. Foleni ilikuwa na watu watatu.


Jumanne, 8 Julai 2025

Urambo. Naandika kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, miguu ndani ya beseni la maji.

Basi la asubuhi, kisha bodaboda. Kijana wa bodaboda anaitwa Modest, na kweli ndivyo alivyo, aliendesha kama amebeba mayai. Pale stendi tu nilipotaja jina la Kashindye wa nyuki akasema anamfahamu, alimpeleka mgeni mwingine Ijumaa. Sikuuliza mgeni gani. Njia yote ni miombo, mizinga imening'inia juu ya miti, hapa na pale bani la kukaushia tumbaku. Ndiyo namba sita kwenye orodha: msitu Nyamizi anapolala peke yake. Nilidhani ulikuwa msitu wa kutisha. Mbuzi wanalisha humo.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona Nyamizi. Mtu anajiandaa vipi! Alitoka nyuma ya nyumba, mwanamke mfupi, zaidi ya miaka sabini, koti la mvua la kiume, bomba la moshi wa nyuki mkononi. Nikapiga shikamoo. Akaitikia marahaba, na pale alipogeuza shingo kuweka bomba chini — shingo ile! Nilishikwa na machozi mbele ya mtu ambaye sijaketi hata kwenye mkeka wake.

Hakushangaa. Akasema, “Wewe ni dada yake.”

Akanipa kiti, akanipa asali kwenye kisahani na kipande cha muhogo. Alikuwa na maswali yake kwanza. Nimeolewa wapi. Nina watoto wangapi. Kwa nini watu wa mjini tunanunua asali iliyotiwa sukari. Nikajibu yote. Nilipoona amemaliza, nikauliza langu. Nilisema na habari ya yule aliyecheza kirangozi, jinsi tulivyokuwa tukimpenda, maana mjini wote tulijua ndiye mumewe wa kweli.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mume? Yule ni Kulwa! Kaka yake wa tumbo moja. Mama yao alizaa mapacha, Kulwa na Doto, kisha akamzaa yeye, ndiyo maana akaitwa Kashindye, anayefuata mapacha. Doto alikataa kuigiza, akasema ana tumbaku yake. Kulwa akavaa manyoya. Basi mji mzima wa Tabora umewaoza ndugu!

Kulwa alifariki mwaka juzi. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida na akanisogezea muhogo.

Kisha akanieleza siku ile ya mtoni. Nitaandika kama alivyonieleza.

Mfuko haukuwa wa chumvi. Chumvi ya kweli iliwekwa siku ya kwanza, ng'ombe wa wenyeji wakaja kuuramba usiku kucha, asubuhi mfuko umetoboka. Wakajaza mchanga wa mto. Mchanga mbichi! Mwongozaji alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuombea maji. Kwenye karatasi iliandikwa nitwike. Anainua mzigo na Kulwa, anasema nitwike, Kulwa anamtwika, anaondoka. Walirudia mara nne. Mara nne alisema nitwike, mara nne mchanga ule ukapanda kichwani, akatembea mpaka kwenye alama, wakamrudisha. Mara ya tano shingo ilikuwa inawaka moto. Mzigo umefika kifuani. Akafungua mdomo aseme la kwenye karatasi.

“Likatoka nitue,” alisema. “Sikulipanga. Shingo ndiyo iliyosema.”

Nikapiga kofi goti langu. Nilijua! Miaka yote hii nilijua, masikio yangu hayakunidanganya!

Akanyanyua kidole, nisubiri. Akasema Kulwa hakusikia. Au alisikia, lakini mikono yake ilishaanza kupandisha, kwa vile mara nne zote ilipandisha. Mwongozaji naye hakujua tofauti ya neno na neno. Aliupenda uso wake, akasema hii ndiyo, akakata hapo hapo. Kwa hiyo kwenye sinema mdomo unasema nitue na mikono inatwika. Tangu siku hiyo, kila walipokutana, Kulwa alikuwa akimsalimia hivyo: nikutue? Mpaka Kulwa anaugua, yuko kitandani, bibi ndiye anayemwuguza, bado anamwuliza nikutue?

Nikamwuliza kama alimkasirikia, siku ile ya mtoni.

Akasema alinuna mpaka jioni. Halafu akajiuliza, mtu amesikia neno moja mara nne, la tano limebadilika ghafla. Angejuaje?

Hapo ndipo nilipoacha kutafuna.

Maana nilisikia sauti yangu. Ijumaa, baada ya sala, miaka minne. Humaidi alikuwa anaanzaje simu zile? Nimekuwa nikikumbuka mwisho tu, wewe ndiye nguzo. Mwanzo je? Mwanzo alikuwa anauliza: Najiat, nije? Kila mara. Nije? Na mimi nilikuwa nikisema baki huko, najiweza. Kwa sauti ya kutunisha kifua. Najiweza! Nilitaka ajue mwenyewe. Nilitaka aone. Nilimngoja asikie neno ambalo sikulisema hata mara moja, na alipofika nikamkalisha barazani kwa kutolisikia.

Bibi yule alimsema kaka yake. Sijui kama alijua amenisema na mimi. Nadhani alijua, kwa vile alianza kusafisha kisahani ambacho kilikuwa safi.

Nikamwuliza Humaidi alijibu nini aliposikia haya.

Aliuliza: kwa hiyo Najiat alisikia sawa? Bibi akamwambia, dada yako alisikia sawa, na wewe uliona sawa. Ndipo akaomba kitu kilichomshangaza bibi. Mwanamume mzima, mvi shavuni, akaomba afundishwe namna ya kumtua mtu mzigo. Hajui! Hajawahi! Bibi akachukua debe la maji, akamwita mkwewe alibebe, akamfundisha pale uani.

Nikaomba anionyeshe na mimi. Tukasimama. Unakuja mbele yake, sio nyuma, akuone. Unashika pande zote mbili. Huvuti. Ukivuta peke yako unamvunja shingo. Unamwangalia machoni, anakunja magoti, unakunja naye, mnashuka pamoja mpaka chini. Humaidi alimwagikiwa maji mara tatu, bibi alisema, ndipo akaweza.

Kaka yangu. Kwenye ua wa watu, amelowa, anajifunza.

Humaidi ametoka hapa kwenda Malagarasi, namba saba, mwisho wa orodha. Alimwambia bibi atakaa huko mpaka Alhamisi, anapumzika mtoni, halafu anarudi Maskati. Hakusema anamngoja mtu.

Wakati wa kuaga bibi akaniletea ndoo ya asali, lita kumi, mfuniko umefungwa kwa ukanda wa mpira. Ya mjukuu wake Tunu, anakaa ng'ambo ya mto, kwenye kivuko cha zamani. Kwa kuwa naelekea huko. Nilikuwa sijasema naelekea huko. Juu ya ndoo akaweka na kata, lile duara la khanga kuukuu la kuwekea mzigo kichwani.


Jumatano, 9 Julai 2025

Saa nne na nusu asubuhi. Malagarasi.

Basi la Kigoma limenishusha kabla ya daraja, mimi na ndoo. Konda aliniteremshia huku analalamika asali imemlowesha kiatu. Haikumlowesha.

Niko kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Mama wa chai hana maneno mengi. Chai ya rangi, tangawizi, kitumbua kimoja cha jana. Kutoka hapa njia inashuka mpaka mtoni, hatua mia mbili hivi. Mto ni mpana kuliko ulivyokuwa ukutani! Kitu cha kwanza kikubwa kuliko nilivyokikumbuka. Mafunjo kila upande, maji ya rangi ya chai yangu. Ukingo ule ule. Naujua ule mchanga, umejaa kwenye mfuko wa Nyamizi.

Naye yuko.

Amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, amenipa mgongo. Kofia ya Kiomani. Shati jeupe linamning'inia mabegani, mshono wa bega umeshuka mpaka nusu ya mkono. Amekonda. Zamani shati la namba hiyo lingembana. Hakuna mtu aliyemwambia abadilishe namba? Anatupa vijiwe majini, kimoja kimoja, kama anayehesabu.

Nimemwuliza mama wa chai yule ni nani. Mgeni, anasema. Siku ya tano leo. Anakuja asubuhi, anakunywa chai, anashuka pale. Kila akipita mwanamke na ndoo anasimama anamwuliza kama amtue. Mwanzo walimwogopa. Sasa wanamcheka, na wanamwachia awatue.

Nimetafuta la kumwambia tangu Urambo. Samahani ni neno fupi mno kwa jamvi lile la barazani. Nikianza na shikamoo kaka, atasema marahaba, halafu? Najijua. Atauliza habari ya safari, nami nitasema nzuri, najiweza. Limekaa hapa hapa ulimini, limezoea kutoka lenyewe.

Kuna vijana wawili kwenye benchi. Wamesema watanibebea ndoo mpaka mtoni, mama usihangaike. Nimewashukuru, nimekataa. Mara ya mwisho kubeba kitu kichwani nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Asali ni nzito kuliko maji, nimeijaribu kwa mkono. Nikifika kule chini shingo itakuwa inawaka, na peke yangu siwezi kuishusha bila kuimwaga.

Nimeikunja kata vizuri, nimeiweka kichwani. Vijana wananitazama. Kijiwe kingine kimetumbukia mtoni.

Nimemwomba mama wa chai anitwike. Anafuta mikono, anakuja.